Koti Lisilovaliwa Ijumaa

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikianza sipendi kukatizwa. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mwenyewe, kwenye njia ya kuteremkia bondeni, nje kidogo ya mji wa Kasulu, tena asubuhi, nikiwa na akili zangu zote. Wala msidhani nilikuwa mtu wa kuogopa mizimu. Nilikuwa mtu wa kudharau, basi, na kazi hiyo niliifanya vizuri kuliko masomo.

Ilikuwa miaka ya tisini, nasomea ualimu. Wazazi wangu walikuwa wakulima huko Kakonko, na posho yangu ilikuwa ya sabuni na mafuta ya kujipaka, tena kwa kubana. Lakini kuvaa nilijua. Nilikuwa naokota blauzi kwenye rundo la mitumba, ile ambayo wenzangu wameshaitupa pembeni mara tatu, nampelekea fundi aibane kiunoni, nabadilisha vifungo, na Jumapili watu wananiuliza kama nimeletewa kutoka Dar. Wazee wetu nguo hizo waliziita kafa Ulaya, wakiamini ni za maiti wa Kizungu. Mimi nilisema kama maiti anavaa vizuri kuliko Suzana, heri maiti.

Suzana tulilala naye chumba kimoja. Baba yake alikuwa afisa aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, basi Suzana akajinunulia raizoni, vile viatu vya soli nene kama tofali, akavivaa kwenye tope la Kasulu wakati wa masika. Hebu fikiria! Alianguka mbele ya jiko la chuo, nikampita. Wa pili chumbani alikuwa Mwajuma wa Ujiji, ambaye kila nguo yake ilikuwa na alama ya pasi ya mkaa kwa sababu ya kupiga soga huku anapiga pasi. Wavulana ndio msiseme. Suruali za bwanga zinafagia vumbi lote jekundu la barabara ya Kibondo, na kifuani kalamu tatu ambazo hata moja haiandiki.

Wa tatu mimi, na wa nne alikuwa Adela, mtoto wa wakulima wa Nyakitonto. Sketi mbili, kandambili, na sweta moja lililotoboka kiwiko. Huyu nilimdharau kuliko wote, na nitawaambia kwa nini: hakujali. Nilimsema, akatabasamu. Mtu wa namna hiyo unamfanya nini?

Sasa, siku moja ya gulio tulikutana na koti. Halikuwa kwenye rundo. Alikuwa nalo mama mmoja mkimbizi aliyevuka kutoka Burundi, amekaa mwisho kabisa wa soko, baada ya wauza ndizi, amelikunja na kulilaza mapajani. Koti la kike la sufu nzito, rangi ya kijani, refu kupita magoti, kola pana. Mnaoijua baridi ya kule juu mnanielewa. Hakuna kati yetu aliyeweza kulinunua peke yake, kwa hiyo tulichanga wote wanne, kama wanafunzi wengi walivyofanya enzi zile, tulivae kwa zamu. Tulishalipa, tumeshalishika, ndipo yule mama akaukamata mkono wa koti.

"Wanangu, hii koti iko na mwenyewe. Ni ya binti yangu. Muivae, mimi sina ubaya. Lakini siku moja mumuachie. Ijumaa. Akipita na baridi yake, aikute."

"Kwani huyo binti yuko wapi, mama?" Mwajuma akauliza.

"Anakuja," akasema, na akaangalia upande wa barabara ya Manyovu, ile inayotoka mpakani.

Nilisonya. Nilidhani ni maneno ya biashara, ya kutuongezea bei. Lakini Adela alipiga magoti, akamjibu kwa Kiha, na kwa kuwa Kiha na Kirundi havipishani sana, wakaelewana. Akamwahidi Ijumaa yake. Suzana akakubali kwa sababu koti linahitaji siku ya kupigwa upepo. Jioni Adela akachana karatasi ya daftari, akaandika zamu na kuibandika nyuma ya mlango. Jumatatu Suzana, Jumanne Mwajuma, Jumatano mimi, Alhamisi Adela. Na chini yake akaandika: Ijumaa, mwenyewe. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Basi likavaliwa. Kila Alhamisi jioni Adela alilipiga brashi na kulitundika dirishani, na kila Ijumaa lilishinda pale. Siku mbili tatu Mwajuma alisema pindo lake lina unyevu. Nikamwambia aache kumwaga chai.

Halafu ukafika mtihani wangu wa kufundisha. Mkufunzi alikuwa anakuja kunipima nikiwa mbele ya darasa, kwenye shule ya msingi iliyo ng'ambo ya bonde, na siku aliyopanga ni Ijumaa. Mara ya kwanza nilishaanguka. Nikianguka tena narudia mwaka, na baba alikuwa ameshaniambia hana namna tena. Mtu mwenye busara angekesha anaandaa somo. Mimi niliandaa mavazi. Nilijiaminisha kwamba nikiingia na lile koti, mkufunzi hatasikia hata ninachosema.

Adela aliamka akanikuta nimeshaingiza mkono mmoja.

"Leo si siku yetu," akasema.

"Mwambie mwenyewe aje anidai."

Hakubishana. Alivua sweta lake, lile la kiwiko, bado lina joto la mwili wake, akanipa. "Vaa hili. Tafadhali, dada." Nililishika kwa vidole viwili nikalidondosha sakafuni. Mpaka leo nikikumbuka hapo najisikia vibaya kuliko yote yaliyofuata, na yaliyofuata hayakuwa madogo.

Nilitoka kama saa kumi na mbili na nusu. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni, migomba huioni mpaka uiguse. Baridi ilikuwa ile ya kutoa moshi mdomoni. Nilipokaribia kijito nikamwona msichana amesimama kando ya njia. Umri wangu, labda mdogo kidogo. Nami, kama kawaida yangu, nilianzia miguuni. Mguu mmoja una ndala, mwingine mtupu, umejaa tope. Kitenge kimelowa mpaka kiunoni. Nikampandisha na kumshusha nikabetua midomo. Niaminini, hicho ndicho nilichokifanya kwanza, kabla hata ya kumwangalia uso.

"Bwakeye, dada," akanisalimu, salamu ya asubuhi ya Warundi.

Sikuitikia.

"Dada, leo Ijumaa. Leo ni siku yangu."

Nikajua ni Adela. Nikajua ametoboa siri za chumba kwa mkimbizi fulani anayelima naye vibarua, amenitumia mtu anitishe njiani. Nikamuuliza, "Amekutuma Adela?"

"Simjui. Baridi, dada. Nipe tu nivuke, nitarudisha."

"Uvuke wapi? Hapo maji hayafiki hata kifundo cha mguu."

Akageuka akakitazama kile kijito kama mtu anayetazama mto mkubwa. Hapo ndipo nilipogundua. Mimi nilikuwa natoa moshi mdomoni kila neno. Yeye alikuwa anaongea, anatetemeka, na mdomoni mwake hakutoki kitu. Na majani aliyosimama juu yake yalikuwa na umande wote, hakuna hata jani lililolala.

Mwingine angekimbia. Mwingine angevua koti akalitupa. Mimi nilifanya nini? Niliogopa, ndiyo, lakini mdomo wangu ulikuwa umeshazoea kazi yake. Nikamwambia, "Nguo kama hii haivaliwi na miguu kama hiyo."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alinisogelea, akaniweka kola vizuri, akanifunga kifungo cha juu nilichokuwa nimekisahau, taratibu, jinsi mama anavyomfungia mtoto anayekwenda shule. Vidole vyake viligusa shingo yangu. Baridi ile siwezi kuieleza na sitajaribu.

"Basi tutavaa pamoja," akasema.

Na sikumwona tena. Hakuondoka, mnanisikia? Sikumwona tu.

Niliingia darasani koti limekuwa zito kama nimebeba debe. Mkufunzi alikuwa ameshakaa nyuma na karatasi zake. Darasa la tatu, hesabu za kugawanya. Nikaandika ubaoni, nikageuka, nikaona kasichana ka dawati la mbele kamenyoosha kidole.

"Mwalimu, mgeni atakaa wapi?"

"Mgeni gani?"

"Huyo uliyevaa naye."

Nilitegemea wenzake wamcheke. Hakuna aliyecheka. Dawati zima lilijisogeza, wakabananishana, wakaacha nafasi ya mtu mmoja. Mkufunzi yeye hakuona mgeni. Aliona maji. Yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye pindo la koti, yamefanya kidimbwi miguuni pangu, na siku hiyo mvua haikunyesha. Chaki ilinianguka. Sikuweza kugawanya hata nne kwa mbili. Aliandika alichoandika akafunga faili.

Nilirudia mwaka. Mimi niliyecheka kucha chafu za watu nililima mashamba ya watu likizo nzima ili nipate ada, bega kwa bega na Adela, kwenye mashamba aliyonitafutia yeye. Hakuwahi kunikumbusha sweta.

Lakini kabla ya hapo, siku ya gulio iliyofuata, nilimpelekea yule mama koti lake. Nilimkuta palepale mwisho wa soko. Nikamsimulia yote, hata lile la miguu, kwa sababu nilishindwa kulificha. Akanieleza na yeye. Walipokuwa wanakimbia walifika mtoni asubuhi, ukungu kama ule. Mama alikuwa anaumwa homa, na binti akavua koti akamfunika, akasema atalichukua wakishavuka. Mama alivuka. Ilikuwa Ijumaa.

"Mimi kulivaa sikuweza," akasema. "Na kulitupa sikuweza. Sasa, ulipolivaa, alitetemeka bado?"

Nikafikiri. "Hapana, mama. Tangu aliponifunga kifungo, anayetetemeka ni mimi."

Yule mama alijifunika uso kwa kitenge akalia. Nilidhani ananilaumu. Kumbe anashukuru. Alisema, "Mungu asante, mtoto amepata joto." Kisha akanisukumia koti kifuani. "Usinirudishie. Ijumaa uvae wewe. Usimvulie."

Nikalibeba nikarudi nalo chuoni. Wenzangu chumbani hawakutaka tena hata kuligusa. Likawa langu.

Sasa nafundisha Kibondo, nakaribia kustaafu. Kila Ijumaa navaa koti la kijani lililopauka, lenye viraka kwenye viwiko vyote viwili, jua liwake lisiwake. Nimelivaa Dar es Salaam kwenye harusi ya mwanangu, watu wanatoka jasho, mimi meno yanagongana. Walimu wasichana wanaokuja kwetu, wenye nyusi za kuchora, wananipandisha na kunishusha kisha wanabetua midomo. Naijua hiyo kazi. Niliifanya kabla hawajazaliwa, tena kwa ustadi zaidi. Wanafunzi wananiita Mwalimu Koti, na wale wadogo kabisa, wa darasa la kwanza, wakinipisha mlangoni wanaacha nafasi ya watu wawili.

Kwa hiyo nawe unayechambua mitumba, chambua, vaa, pendeza, sikukatazi. Lakini aliyekuuzia akikuwekea sharti, lishike. Na mtu akikusimamisha njiani akakwambia anasikia baridi, mtazame usoni kabla hujamwangalia kitu kingine. Mimi nilianzia miguuni, na sijapata joto hadi leo.