Meza Inakingwa Vumbi, Mapafu ya Fundi Je?

Jua halijachomoza vizuri, Mama Msasa amepiga magoti mbele ya meza ya chakula, anaipangusa kwa tambara bichi. Anaiacha ikauke, nyuzi za mbao zisimame, kisha anazilaza kwa msasa laini.

"Ukiruka hatua hii, rangi ikiingia tu zinaamka. Meza inaota ndevu," anasema akicheka. Kicheko kinakatishwa na kikohozi.

Jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake katika karakana hii, ambako amesugua mbao, kupaka rangi na kupiga vanishi kwa miaka kumi na moja.

Wakati wa vanishi ukifika, bosi hufunga madirisha yote na kuziba nyufa za mlango kwa magunia. Vumbi la barabarani likitua kwenye vanishi mbichi, meza huota chunusi na mteja huikataa. Hilo ni kweli. Lakini ndani ya chumba hicho hubaki binadamu, anavuta harufu kali ya thina, ile ya kuzimulia vanishi, mpaka macho yanamchonyota, puani kajifunga kipande cha shuka kuukuu.

"Nilimwomba feni ya kutoa hewa. Akaniambia, 'Dada, wewe umeshazoea.' Nimezoea nini? Mapafu nayo yanazoea?"

Hivi karibuni uji uliungua jikoni kwake, naye ameketi hapo hapo hana habari. "Binti yangu akaja mbio: 'Mama, husikii harufu?' Sikuisikia hata kidogo."

Daktari alimwonya aihame hewa ile kabla kifua hakijamshinda. Alipomfikishia bosi habari hizo, bosi alinunua maturubai mapya. Ya kufunikia meza! Mtu unabaki mdomo wazi.

Na dawa ipo, tena ya bure. Siku bosi alipokwenda msibani, Mama Msasa alimwaga maji sakafuni na uani kutuliza vumbi, akafungua madirisha, akapiga vanishi kabla upepo haujavuma. Meza ikang'aa, haina hata doa. Bosi aliisifu sana, mpaka aliposikia madirisha yalikuwa wazi. Akafoka kwamba ni bahati tu.

Sasa yeye na wenzake wawili wamekubaliana: kuanzia Jumatatu, hakuna kuingia chumba kilichofungwa. Akifukuzwa je? Ana watoto watatu na kodi ya nyumba. Anakunja msasa.

"Naogopa, nisiseme uongo. Lakini akitaka dirisha lifungwe, nitampa brashi aingie yeye. Mlango nitamfungia mimi, kwa nje."