Minyaa Tuliyoipanda na Serafina

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu ni ile niliyokaa barazani, mikono mapajani, nikatazama chini. Mjukuu wangu Daudi, nimemwita dada yako Neema akuandikie maneno haya, kwa kuwa mimi sikufundishwa kushika kalamu. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinirembee.

Juzi ulipokuja kutoka Sitalike nilikusikia jikoni ukizungumza naye. Umechaguliwa kuingia baraza la ardhi la kijiji chenu, nasi sote tulifurahi. Lakini Neema alipokuuliza habari za yule mjane wa Kisukuma ambaye shemeji zake wanalitaka shamba lake, ulicheka. Ulisema, "Hao si waende wakamalizane huko kwao?" Mimi nilikunywa chai yangu hadi ikaisha, sikukujibu. Sasa ninakujibu.

Nilikuwa na umri kama wako. Mimi na babu yako tulilima mpunga bondeni, nje ya Mpanda, kabla mji haujasogea upande ule. Jirani yangu aliitwa Serafina. Alikuja kutoka Burundi akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, mama yake akikimbia vita, akakulia huku, akaolewa na Petro, Mkonongo wa pale pale. Petro alikuwa mtu wa kuugua mara kwa mara. Kipande chao cha bonde kilifyekwa na mikono ya mkewe zaidi kuliko yake, nami nilikuwa naona.

Siku hizo hatukuwa na karatasi za ardhi. Shamba jipya likishafyekwa, wake wa nyumba mbili zinazopakana walipanda minyaa, ile miti ya uzio yenye utomvu mweupe, mpakani, huyu upande wake na yule upande wake. Mikono iliyopanda ndiyo iliyokuwa ushahidi. Ikitokea ugomvi, waliitwa wale wanawake wawili, na neno lao lilitosha.

Tulipanda mimi na Serafina. Nilipokuwa nakata vipandikizi, utomvu uliniruka jichoni. Wewe hujui moto ule, na Mungu asikuonyeshe. Nilianguka chini nikalia. Serafina alikuwa ananyonyesha. Hakuniomba ruhusa, alinilaza mapajani mwake, akanikamulia maziwa yake jichoni, tone baada ya tone, huku akinicheka.

"Tulia, Mama Esta! Mtu mzima unanyonya kwa jicho?"

Jicho likapona. Ndilo hili la kulia, ambalo hata leo linanionyesha sura zenu.

Mwaka uliofuata Petro alikufa kwa homa, mvua zikiwa zinakaribia. Hata kilio hakijapoa, kaka yake, Gervas, akaja kulidai shamba. Gervas alikuwa na ng'ombe na plau, na kila msimu alituazima sisi tusio na ng'ombe. Wazee wakaitisha baraza.

Gervas alisema, "Huyu ni mkimbizi. Ardhi ya ukoo wetu haiwezi kubaki kwa mkimbizi."

Serafina akasimama, mtoto mgongoni. "Mbona Yohana ni Mrundi kama mimi, na shamba lake hamjaligusa?"

"Yohana ni mwanamume," akajibu mzee aliyeongoza baraza. "Ana mji wake."

"Na Mama Anjela? Yeye si mwanamke? Si mjane? Analima hadi leo."

"Mama Anjela ni binti wa hapa. Ana kaka zake, ana zizi limejaa. Wewe una nani? Una nini?"

Watu wakacheka. Mzee yule akatabasamu kwa upole, na upole wake ndio unaoniuma hadi leo. Akasema, "Umejionea mwenyewe, mama. Hapa hatuwafukuzi Warundi, wala hatuwanyang'anyi wajane."

Mwanangu, hakusema uongo hata mmoja. Mrundi alikuwa na shamba, mjane alikuwa na shamba, na hata maskini tulikuwa na mashamba yetu. Aliyekosa ni yule aliyekuwa yote matatu kwa pamoja, na kila alipojitetea kwa moja walimpiga kwa jingine.

Ndipo Serafina akaninyooshea mkono. "Muulizeni Mama Esta. Tulipanda wote minyaa."

Baraza zima likanigeukia. Gervas hakukasirika. Aliniuliza tu, kama mtu anayesalimia njiani, "Shemeji, mwaka huu ng'ombe wangu mtawahitaji lini?"

Nami nikasema, "Sikumbuki vizuri habari za mpaka."

Nikatazama chini kwa jicho alilonitibu.

Minyaa ilikatwa wiki ile ile. Serafina alichukua watoto wake wawili akaenda Kapalamsenga, kando ya Ziwa Tanganyika, kuanika dagaa za watu. Wanawe walikua wakivuta nyavu zisizo zao, na shamba la baba yao likilimwa na baba yao mkubwa.

Baada ya miaka mingi nilimkuta katika soko la Mpanda, amekaa mbele ya rundo la dagaa. Alikuwa amekonda. Nilitaka kupita upande mwingine, akaniona.

"Mama Esta! Jicho lako linaona vizuri?"

Hakuwa akinisuta. Laiti angenisuta. Nilimwambia linaona. Akanifungia dagaa, akaongeza konzi moja juu, akaniombea safari njema. Neno langu la toba lilifika kooni, lakini watu walikuwa wengi, nikajiambia nitalisema siku nyingine. Nilipomrudia baada ya mavuno, wenzake waliniambia wameshamzika.

Neema, usisimame, andika. Machozi yangu hayamhusu mtu.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba nami nilikuwa mwanamke, nami nilikuwa maskini, ningefanya nini? Ni kweli nilikuwa hivyo. Lakini nilikuwa mwenyeji, na kwa hilo moja neno langu lingesikika. Serafina hakuwa na hata hilo. Wewe, Daudi, umezaliwa hapa, umesoma, tena ni mwanamume. Hakuna atakayekuuliza una nani wala una nini. Hayo yote hukuyatafuta, na sikulaumu kwa kuwa nayo. Nitakulaumu ukikaa nayo kimya.

Yule mjane ataingia barazani kwenu akiwa Msukuma, akiwa mwanamke, akiwa hana kitu, vyote siku moja na katika mwili mmoja. Watakutajia Msukuma fulani mwenye shamba na mjane fulani mwenye shamba. Usikubali wamkate vipande. Waulize: ni nani kijijini aliye kama huyu kwa yote, naye ameachiwa ardhi yake? Kisha ungoje jibu, hata likichelewa. Na atakapomtaja shahidi wake, mtazame shahidi huyo, umpe nafasi ya kutoogopa. Mimi hakuna aliyenipa, lakini pia sikuomba.

Mungu akulindie macho yako, mwanangu. Akupe mavuno, akupe watoto, akupe ulimi usiochelewa kama wangu. Na siku utakapoulizwa mbele ya watu, akujalie ukumbuke.