Msiba wa Birika

Sokoni Mchikichini kila mtu ana nguo yake. Wapo wa jinzi, wapo wa mashuka, wapo wa sidiria, na hao ndo wenye kelele kuliko wote. Uledi anauza fulana nyeusi. Nyeusi tu. Akikuta nyeupe ndani ya belo la mitumba anamrushia Shamsa wa meza ya jirani bila hata kuitazama, na Shamsa humwambia, "Wewe utakufa na giza lako hilo."

Ni Mzaramo mrefu, mkavu, mwenye mvi za pembeni tu kama mtu aliyepakwa majivu masikioni. Haongei sana. Mteja akilia bei, Uledi hajibu, anaikunja fulana polepole na kuirudisha mahali pake, mpaka mteja anaona aibu. Sokoni hawamwiti Uledi. Wanamwita Birika.

Jina hilo lilitoka mfukoni mwa koti. Watu wa mitumba hawatundiki koti kabla hawajalipekua mifuko, maana Mzungu husahau vitu. Zamani, Uledi akiwa bado kijana wa kubeba mizigo, alipekua koti moja zito la baridi akatoa kanda. Kwenye jalada walisimama vijana wanne wa Kiingereza mbele ya banda la kuwekea gari, na juu ya vichwa vyao limechorwa birika jeusi. Jina la bendi lilikuwa refu, Kiingereza kigumu. Birika lilitosha.

Alipoiweka kwenye redio alidhani mashine inaitafuna kanda. Gitaa lilikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Dramu zilikimbia kama zinafukuzwa na mgambo. Mwimbaji alikuwa haimbi, alikuwa anagombana na mtu, labda mwenye nyumba wake. Wimbo ukaanza, ukakasirika, ukaisha. Uledi akaurudisha mwanzo.

Rafiki zake wakati huo walikuwa wawili. Godbless, Mchaga wa Rombo waliyemwita Mangi, alikuwa anabeba mizigo pamoja naye. Aristides, Mhaya, alikuwa anaimba kwaya na kushona mabegi. Wote watatu walikaa chumba kimoja Buguruni, wakaisikiliza ile kanda mpaka ikaanza kuyumba sauti. Kisha Aristides akasema, "Hawa hawajui kupiga kuliko sisi. Wametuzidi hasira tu, na hasira sisi tunayo."

Ndipo walipoanzisha bendi yao, Masizi. Gitaa la Uledi walilipata la kuazima, Godbless akashika dramu, na badala ya amplifaya ya maana walitumia spika iliyopasuka ya gari la matangazo. Ule mpasuko ndo uliowapa mngurumo wenyewe. Aristides alichukua mkasi akaikata fulana yake shingoni, mkato wa mshazari mpaka begani, kama alivyovaa mwimbaji wa Birika kwenye jalada. Wakaimba kwa Kiswahili habari za kodi, mvua na mapenzi ya mkopo. Kariakoo haikuwaelewa. Watu walitaka taarabu, walitaka dansi, baadaye wakataka Bongo Fleva. Harusini Ilala bwana harusi aliwaomba wapumzike kabla hawajaanza. Lakini wapagazi wa sokoni waliwapenda, na jioni walikuwa wakijaa kwenye uwanja wa gereji ya Abdulkadiri kule Buguruni, wanarukaruka kama wamekanyaga siafu.

Habari za Birika zenyewe Uledi alizipata kwa njia ya nguo. Bendi ikizunguka kupiga muziki huko kwao huuza fulana, na mgongoni huandikwa miji. Miaka inapita, watu wanazichoka, zinafungwa kwenye belo, zinafika Dar. Kwa hiyo Uledi aliyasoma maisha yao yakiwa yamechelewa. Fulana za mwanzo zilikuwa na vichwa vinne. Kisha vikawa vitatu, naye akajua wamegombana. Kisha miji ikawa mingi mpaka maandishi yakawa madogo, akajua wamekuwa wakubwa. Ikaja kimya, hakuna fulana mpya, wamevunjika. Baada ya hapo zikaanza kuja fulana za bendi nyingine changa, za vijana, zenye kibirika kidogo mkononi. Uledi alifurahi kama babu aliyepata wajukuu. "Wamezaa," alimwambia Shamsa.

"Nani?"

"Birika."

"Haya, mnyonyeshe basi."

Masizi haikuzaa. Aristides aliugua kifua, akalala hospitali, akafa. Ndugu zake wakausafirisha mwili kwenda Bukoba. Godbless alipanda gari na mwili. Uledi siku hiyo alikuwa na belo lake la kwanza, lake mwenyewe, linafunguliwa asubuhi, na belo likifunguliwa mwenyewe hayupo watu wanachambua mazuri yote unabaki na matambara. Alisema, "Tangulieni, nitafuata."

Hakufuata.

Godbless aliporudi hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Aliacha tu kuja. Akafungua duka la spea Gerezani, akanenepa, dramu zake zikabaki stoo kwa Abdulkadiri chini ya matairi. Wakipishana ilikuwa, "Mambo, Mangi?" "Poa." Miaka yote hiyo, mambo na poa. Mara kadhaa Uledi alipita dukani akamwomba wapige japo wimbo mmoja. Godbless alijibu ana wateja, hata pale ambapo hakuna mteja. Kitu ambacho Uledi alikitaka duniani kilikuwa hicho kimoja: amkute Godbless amekaa nyuma ya dramu, anamtazama, anasubiri yeye aanze.

Mwaka huu, baada ya mvua kubwa, Uledi alifungua belo akakutana na jambo. Fulana za Birika zilitoka moja baada ya nyingine: ya vichwa vinne, ya vitatu, ya miji mingi, zote, maisha yao yote kwenye belo moja. Saizi moja. Harufu moja ya tumbaku. Na kila moja shingo yake imekatwa kwa mkasi, mshazari mpaka begani.

Uledi aliketi chini kwenye nguo.

Wazee wa zamani mitumba walikuwa wakiiita kafa Ulaya, nguo za waliokufa. Vijana wa leo wanacheka neno hilo, lakini mchambuaji mzoefu anajua. Mtu hai hutoa fulana moja, hutoa mbili. Anayetoa zote, hakuzitoa mwenyewe. Na shingo ile Uledi aliifahamu kuliko ya kwake. Hakuuliza mtu. Aliziweka kwenye mfuko, akaenda Gerezani kwa miguu.

Godbless alikuwa anamfungia mteja bolti.

"Mangi, nimekuletea msiba."

Godbless akainua uso. "Nani?"

"Mwimbaji wa Birika."

Yule mteja aliondoka, Godbless akaketi kwenye katoni ya vichujio. "Lini?"

"Sijui lini. Nguo zake zimeshafika."

Godbless aliivuta fulana moja, akapitisha kidole kwenye ule mkato. "Kwa hiyo alishazikwa."

"Zamani."

"Na sisi tunauza tu bolti."

"Tungejuaje?"

Kuna vitu unaweza kumkatalia mtu mwaka hadi mwaka, lakini msiba haukataliwi. Kwa Wachaga haukataliwi na kwa Wazaramo haukataliwi. Godbless akazima redio ya dukani. "Jumapili nikitoka misa," alisema. "Tujaribu kwanza kama mikono ipo. Ile nyingine inayofuata ndo tumpigie wimbo, na watu waje."

Jumapili hiyo walizitoa dramu chini ya matairi. Panya walikuwa wamekula ngozi moja. Abdulkadiri, ambaye sasa ni mzee wa magoti mabovu, aliwatazama akatikisa kichwa. "Nyie mlinifukuzia wateja ujanani, mmerudi kunimalizia."

"Si umefunga leo?" Uledi akamwambia.

"Hata wa kesho watasikia."

Walianza vibaya. Godbless alichelewa kila mahali, tumbo likimgonga dramu. Uledi vidole viliuma. Lakini wimbo wa tatu, ule wa kodi, kitu kilishika. Godbless alikaza meno, gitaa likanguruma, na walipofika mahali pa kuimba wote wawili walinyamaza pamoja wakamwachia Aristides nafasi yake, mistari yote minne, dramu na gitaa tu. Hawakupanga. Mwisho Godbless alifuta jasho akacheka, akasema, "Mzaramo wewe, bado unawahi kama mwizi." Uledi aligeukia ukutani akajifanya anarekebisha waya.

Wiki ile alikuwa mtu mwingine. Alikunja fulana huku anapiga mluzi. Alimpunguzia mtu bei. Shamsa akauliza sokoni kama Birika kapata mchumba.

Najma, bintiye, anauza makava ya simu Kariakoo barabarani, na jioni hupitia mezani kwa baba yake. Uledi akamwomba amtafutie kwenye simu picha ya marehemu, nzuri, wakaichapishe kubwa wabandike siku ya msiba. Najma akaandika, akasubiri, akakunja uso.

"Baba, huyu hajafa."

"Tafuta vizuri."

"Huyu hapa. Juzi. Anaimba."

Kwenye kioo alionekana mzee wa Kizungu, kipara, tumbo mbele, ameshika kipaza sauti na bado anagombana na yule mwenye nyumba. Shingo ya fulana yake imekatwa. Uledi alisogeza simu karibu na macho. Kisha kamera ikageukia watu. Uwanja mzima, wazee kwa vijana, wanawake kwa wanaume, wote fulana nyeusi, na wote wamezikata shingo, mshazari mpaka begani.

"Wote wamekata, baba," Najma alisema. "Ndo mtindo wao. Shabiki mmoja tu huyo wa kwenye belo lako. Mtu tu."

"Basi kafa mtu," Uledi alisema.

"Nani?"

"Sijui."

Najma akamrudishia macho. "Utamwambia anko Godbless?"

Uledi alikunja fulana zilizokuwa zimeshakunjwa. Akimwambia, Godbless atarudi kwenye bolti zake. Asipomwambia, watapiga, na Jumapili nyingine huenda wakapiga tena, na nyingine. Lakini kifo hakisingiziwi. Mtu anayesingizia kifo anakiita. Siku zilizobaki alipiga mluzi, akawa anaukata katikati.

Jumapili ya msiba watu walikuja. Shamsa alileta kahawa na kashata, wapagazi wa zamani walitandika mikeka kwenye uwanja wa gereji, Abdulkadiri alivaa kanzu. Godbless alitoka misani na suruali yake ya heshima, akakaa nyuma ya dramu, akavishika vijiti, akamtazama Uledi, anasubiri aanze.

Uledi alivua gitaa begani. Akamwendea, akainama sikioni.

"Mangi, yule mwimbaji yupo hai. Nilikosea. Zilikuwa nguo za mtu mwingine."

Godbless hakugeuka. "Umejua lini?"

"Juzi."

"Ungenyamaza."

"Kifo hakisingiziwi."

"Ungenyamaza, tungepiga. Sasa nimeshajua." Akaviweka vijiti juu ya dramu, sambamba, kama mtu anayeweka kijiko baada ya kushiba. "Nitapigaje msiba usiokuwepo?"

"Upo," Uledi alisema. "Wa Aristides."

Hapo Godbless akamtazama. "Aristides tulimzika."

"Mimi sikuwepo."

"Najua hukuwepo, Uledi. Pale kaburini mama yake aliniuliza, yule mwenzenu mrefu yuko wapi? Nikamwambia amekosa tiketi. Nimemdanganya mama wa watu udongo bado mbichi, kwa ajili yako. Na leo nimekuja kwako na suruali ya misa."

Watu mikekani walikuwa wanazungumza chini chini, mtu akikohoa, wanangoja. Uledi alishika ukingo wa dramu.

"Nitakwenda," alisema. "Wiki hii hii. Nitafunga meza, niende Bukoba, nimpe mama pole kwa mkono wangu. Nimwambie mwenyewe kwamba haikuwa tiketi."

"Alikufa mwaka juzi."

"Nani?"

"Mama."

Uledi akasema, "Hukuniambia."

"Ningekuambia saa ngapi?" Godbless alisimama, akavuta suruali yake juu ya tumbo. "Ukipita unasema mambo. Nakujibu poa."

Akapita katikati ya mikeka akiwapa watu mkono mmoja mmoja, kama inavyopasa, akatoka uwanjani kuelekea barabarani. Hakukimbia. Wapagazi walimpisha njia wakidhani anakwenda kuchukua kitu.

"Mbona hampigi?" Abdulkadiri aliuliza.

"Mimineni kahawa," Uledi akasema.

Wakamimina. Watu wakanywa, wakatafuna kashata, wakamwongelea marehemu ambaye hakuna aliyemjua, kwamba alikuwa mtu wa watu na sauti alijaliwa. Uledi alikuja akaketi mkekani miongoni mwao, gitaa likabaki limeegemea ukuta. Shamsa alimwangalia muda mrefu. Hakumtania. Alimnyooshea mkono, akasema kama watu wasemavyo, "Pole."

Pole ya msiba jibu lake mtoto mdogo analijua. Unasema, tumeshapoa. Uledi aliushika ule mkono, akafungua mdomo, akabaki ameushika tu.