Kuni za Mzazi

Juzi pale Bwera bodaboda yetu ilikwama nyuma ya lori lililokuwa likishusha magogo ya mkaratusi, mabichi, yamekatwa asubuhi ileile. Mwenye boda akawa anapiga honi na kulaani. Mimi ile harufu ya utomvu iliponifikia, nikamwambia anishushe palepale, nikamalizia safari kwa miguu. Umri wote huu, na bado siwezi kutulia karibu na kuni mbichi.

Wewe uliyekulia kwenye joto la bondeni, Muhokya au Kasese mjini, pengine hutanielewa. Sisi tulikaa juu, miteremkoni, ambako asubuhi baridi inashuka kutoka mlimani na kuingia mpaka ndani ya blanketi. Moto kwetu haukuwa wa kupikia tu. Tukiamka tunaota, tukirudi shule tunaota, huku bibi akigeuza mihogo kwenye majivu na kutufokea tusisogee sana. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa miti, mweusi kwa masizi, na huko ndiko kuni zilikokauka.

Mwaka ninaousema, mke wa baba mdogo alikuwa na mimba, na bibi alikuwa ameweka uchagani mzigo mmoja uliofungwa kwa kamba za mgomba. Hizo zilikuwa kuni za mzazi. Zilikatwa kiangazi, zikapasuliwa nyembamba, zikaachwa miezi, ili siku mama na kichanga watakapoingia ndani waote moto usio na moshi. Mtu asiziguse. Bibi mwenyewe, mvua ikimzidi, alipikia magunzi ya mahindi na hakuchomoa hata kijiti.

Nilizichoma mimi. Nakwambia mapema usije ukaniwazia mazuri.

Ilikuwa Jumapili ya mvua. Mwalimu alikuwa amenichagua niwapokee wageni wa shule kesho yake kwa wimbo, na alikuwa ametuonya kwamba atakayekuja na sare yenye unyevu atarudishwa nyumbani. Sketi yangu ilikuwa inatiririka maji. Bibi alikuwa bado kanisani, na mama mdogo alikuwa amelala. Nikachomoa kuni moja, moja tu. Sketi ikatoa mvuke, ikabaki nzito. Nikachomoa ya pili. Mimi sikuwa mtoto wa kungoja kitu; nilikuwa nageuza sketi, nachochea, nageuza, mpaka nikaangalia juu nikaona kamba ya mgomba imelegea na mzigo umebaki vijiti vitatu. Navyo nikavichoma, maana vitatu vingeniumbua.

Kesho yake niliimba vizuri sana. Keshokutwa yake mama mdogo akajifungua, wiki kadhaa kabla ya wakati.

Bibi alipoinua mkono uchagani akakuta patupu, hakuuliza mtoto yeyote. Alitoka moja kwa moja mpaka kwa jirani, mama mmoja mfanyabiashara wa mawese kutoka upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, aliyepanga chumba chini ya shamba letu. Huyo mama alizoea kuja jikoni kwetu kuomba kaa la moto. Walielewana kila mmoja kwa lugha yake, maana lugha zenyewe ni kama ndugu, lakini bibi akikasirika aliingia kwenye Kiswahili alichokiokota kwa wanajeshi.

“Weye! Toka! Kuni ya muzazi iko wapi?”

“Miye sikuiba kuni, mama. Mungu anaona.”

“Nyamaza! Mwizi!”

Nilikuwa nimesimama nyuma ya bibi, nimeshika gauni lake.

Baba mdogo akakata mkaratusi, hakukuwa na kingine. Siku mbili zile sitazisahau. Magogo yalilia, yakatoa povu kwenye ncha, na moshi ukajaa mpaka hatukuonana. Mlango ukifunguliwa baridi inamrukia kichanga, ukifungwa anakohoa, kakohozi kadogo kama ka paka. Kifua chake kilianza kupiga filimbi. Bibi aliegesha magogo kuzunguka mafiga yapate kukauka, akatupia maganda ya kahawa, akapuliza mpaka macho yakavimba. Midomo ya mtoto ilikuwa inabadilika rangi. Mimi nilikuwa naingia na kutoka, naingia na kutoka, sipati pa kukaa.

Asubuhi ya tatu jirani akapanda kilima na mzigo kichwani, kuni zake mwenyewe, kavu kabisa. Akautua mlangoni. Bibi akautazama, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, “Ona! Inarudisha yetu!” Akaupokea bila asante.

Moto ukawaka safi. Jioni mtoto alinyonya.

Nilimkuta yule mama kisimani siku hiyohiyo.

“Ile siku ya yenga, siku ya kusali, nilionaka moshi yenu,” akasema. “Ilikuwa kidogo tu. Ile iko moshi ya kuni kavu, na bibi yako alikuwa mu kanisa. Sitakusemea, mutoto. Utasema weye mwenyewe.”

Nilimwambia ndiyo. Kiangazi kilipofika alifunga mizigo yake akavuka kurudi kwao, na nilikuwa bado sijasema. Bibi akazeeka, tukamzika, nilikuwa bado sijasema. Kila nikipita sokoni Bwera huwa natazama nyuso za akina mama wa mawese, na najua ni upuuzi, kwa umri atakuwa ameshaondoka duniani.

Jiko lile limebomolewa. Siku hizi kule juu wanapikia makaa, wengine gesi, na ukimtajia msichana kuni za mzazi anadhani unamtania. Kilichobaki ni hadithi tu. Krismasi iliyopita tulikusanyika kilimani, na kichanga yule, sasa mama wa watoto watatu, akawasimulia wanawe jinsi mama wa Kikongo alivyoiba kuni, roho ikamsuta, akazirudisha.

Nikasema, “Nilizichoma mimi.”

Akacheka, akanipiga begani. “Dada, weye kila siku kutetea watu tu!”

Nikarudia. Watoto waliniangalia kidogo, kisha wakamgeukia mama yao.

“Endelea, mama,” wakasema. “Yule mwizi akafanya nini?”