Pilau ya Siku ya Mawingu

Jamani, mie ni mwalimu wa kemia, na siku ile nilisimama mbele ya wanafunzi wangu mwenyewe nikadanganya kwa kutumia kemia, tena kemia ya kweli kabisa, na mpaka leo nikipita karibu na jiko la shule natembea haraka nisije nikasalimiwa.

Shule yetu iko Goba, juu kule vilimani, na mwaka huu tulifungiwa mashine ya majaribio inayotumia umeme wa jua kuyachambua maji na kutoa gesi ya haidrojeni. Unaipikia, haina moshi, inatoa mvuke tu. Shida ni kwamba bado ni ghali kuliko kuni, kwa hiyo hakuna anayeinunua, na kwa kuwa hakuna anayeinunua hakuna anayehangaika kuitengeneza kwa wingi (nyie mliowahi kufungua genge mtaa usio na wateja mnaujua mduara huo). Ndipo serikali ikaanzisha mfuko wa kuchagua shule chache ziwe wateja wa kwanza, halafu mfuko unafidia palipopungua mpaka soko lisimame lenyewe. Sie tulikuwa kwenye orodha ya mwisho, bado ukaguzi tu. Tukipita, Bi Zuhura, mpishi wetu aliyepikia kuni miaka kumi na mitano na usiku halalagi kwa kikohozi, anaachana na moshi. Tukikosa, anaendelea nao.

Sasa siku ya ukaguzi naamka, mbingu nyeusi tii. Mpaka saa nne mashine ilikuwa imetoa gesi ya kuchemshia chai, basi, wageni wako njiani wamekwama kwenye foleni ya Tegeta, na Mkuu wa shule keshaagiza pilau, maana kwetu mgeni asipokula ni kama hakupokelewa. Hapo ndipo nikaamua kitu kidogo tu: Bi Zuhura awashe kuni nyuma ya maabara, pilau ikiiva tuihamishie kwenye jiko jipya kimyakimya.

Bi Zuhura alinitazama weee. "Madam, si uwaambie tu jua hakuna?"

"Bi Zuhura, wageni hawali maelezo."

"Haya mwanangu. Kichwa chako hicho."

Wageni wakafika saa saba. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mhandisi, mpole, mwenye daftari kubwa. Nikampa shikamoo, nikampeleka jikoni, nyuma yetu Mkuu, mtendaji wa kata na kidato cha tatu kizima nilichokipanga mstari (hakuna aliyenituma, ni kimbelembele changu). Nikafunua sufuria, harufu ikatoka, kila mtu akasema aah.

"Imeiva kwa gesi hii hii?" akauliza yule mama.

"Hii hii, mama."

Akainama akachungulia chini ya sufuria. "Mbona sioni moto?"

Hapo mtu mwenye akili angetubu. Mie nikapanua kifua: "Mama, moto wa haidrojeni hauonekani kirahisi mchana. Ndiyo tabia yake." Na ni kweli! Kidato cha tatu wakatikisa vichwa kukubali, nimewafundisha mwenyewe. Yule mama naye akakubali, kisha akachana karatasi kwenye daftari lake, akaisogeza polepole mpaka chini ya sufuria, akaiacha pale. Tukasubiri. Karatasi nyeupe vilevile, haijapinda hata ncha.

"Na joto lake nalo halionekani?" akauliza.

Wanafunzi wakaanza kuchekea viganjani. Mkuu akageuka kusoma tangazo la kunawa mikono ambalo analiona kila siku. Nikasema nadhani umezimika sasa hivi, kwa ajili ya upepo (madirisha yote yamefungwa!), na kabla sijaongeza uongo mwingine mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia Bi Zuhura, macho mekundu, majivu mpaka kwenye kitenge.

"Madam, sufuria ya pili tayari. Kuni nizime au niinjike na maharage?"

Kicheko kilichopigwa pale sijawahi kukisikia hata siku ya mahafali. Mtendaji wa kata alilazimika kutoka nje. Yule mama peke yake hakucheka.

"Mwalimu," akasema, "leo tumeichagua makusudi. Tulitaka siku ya mawingu. Jua likikosekana mnapungukiwa gesi kiasi gani, mnahitaji tangi la akiba la ukubwa gani, hicho ndicho tulichokuja kupima, kwa sababu hicho ndicho mfuko unachofidia. Wewe umetuandalia shule isiyopungukiwa na kitu. Sasa tufidie nini?"

Na yote hayo yalikuwemo kwenye mwongozo waliotutumia mapema, lidude nene, mie nikasoma jalada na ratiba ya chakula. Pilau wakala, wakaisifu hata, na kila sifa nilitamani ardhi ipasuke.

Kinachonikera kuliko vyote ni shule moja ya Bunju. Walikaguliwa asubuhi ya siku hiyohiyo, mawingu yaleyale, na mwalimu wao aliwapokea wageni kwa chai ya rangi na mchele mbichi kwenye ungo, akasema, "Leo imegoma, na hii hapa orodha ya siku zote ilipogoma." Wamechaguliwa. Na tangi la akiba wamepewa. Sie tukaletewa barua kwamba tuombe tena awamu ijayo, na awamu ijayo hakuna anayejua ni lini.

Nilikwenda kumwambia Bi Zuhura mwenyewe, nikitegemea matusi. Alisukuma ukuni ndani, akasema tu, "Ungeniachia mie niongee nao, madam. Mie kifua changu ningewaonyesha."

Nimeapa: mgeni akija sasa, naanza kwa kumwonyesha kilichoharibika. Mkuu ananuna. Anune. Ila kiapo changu hakimsaidii Bi Zuhura kitu, maana kesho alfajiri atakayeinama kuupuliza moto ni yeye, sio mie.