Bibi Alitaka Aulizwe

Mjukuu wangu na wenzake wanaifundisha kompyuta kusema Kiswahili cha Unguja. Mwaka huu alinijia akitaka sauti yangu: nikae mbele ya simu, nisimulie lolote, hiyo akili mnemba ijifunze. Nikamuuliza ni nani waliokaa wakaamua mashine ichukue nini na iache nini. Akanitajia vijana watupu, wa umri wake. Nikamwambia sauti nitatoa, ila wakae kwanza na sisi wazee, na watoto wa skuli pia, maana wao ndio watakaoishi nayo zaidi. Alidhani namtania. Lakini walituita kweli, wakubwa kwa wadogo, kila mtu akasema lake, na mimi sauti nikatoa. Hajui nimeyapata wapi maneno yale.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini tulikuwa tukikaa Malindi: bibi yangu mzaa mama, mama, mjomba, mimi niliyekuwa nakaribia kumaliza skuli, na mdogo wangu wa kike, bado mtoto wa kucheza kombolela. Mjomba, kijana wa bandarini, alinunua rikoda ya kaseti, ile ya betri, kwa jirani yetu Mhindi aliyekuwa akihama. Tuliifurahia sote. Tuliimba, tukajisikiliza, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Hata bibi alicheka.

Bibi alikuwa na mazoea yake. Kila akikuna nazi jikoni alizungumza na marehemu babu, akimpa habari za siku nzima: foleni ya mchele, magoti yanavyomuuma, nani kaolewa. Siku moja mjomba aliificha rikoda nyuma ya mtungi, akayanasa yote. Kesho yake, baada ya kazi, akawasikilizisha rafiki zake barazani.

Bibi alikuwa anarudi kutoka nyumba ya pili. Akaisikia sauti yake mwenyewe ikimwambia babu kwamba kitanda kimekuwa kipana mno, na wanaume wanaangua kicheko. Alipita katikati yao na buibui lake, akaingia ndani. Tangu siku hiyo akanyamaza. Ukimwita hakuitika "naam". Alikuja tu akasimama mbele yako. Jikoni ikabaki sauti ya mbuzi ikikuna nazi. Mimi nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba nyumba yetu ilikuwa imejaa maneno yake.

Mama hakuvumilia. "Kidude hicho kakitupe baharini!"

"Wazee kila kitu kipya wanakiogopa," mjomba akajibu. "Atazoea."

Basi mama akatukusanya ukumbini baada ya Alasiri. Sote tulijua bibi atasema rikoda itoke. Akafungua mdomo kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa.

"Miye sikusema kitupwe. Kitu kizuri kile. Nnataka niulizwe, basi. Maneno yale nilikuwa namwambia mume wangu."

Mjomba akainamisha kichwa. Hapo mdogo wangu akadakia: "Na mimi sikuulizwa! Siku ya kung'olewa jino mjomba kanirikodi nalia."

"Nyamaza wewe, haya ya wakubwa," mama akamkemea.

"Mwache aseme," bibi akasema. "Naye si anakaa humu humu?"

Tukazungumza mpaka adhana ya Magharibi. Na mimi nilisema: sauti ya mtu isitoke nje ya mlango bila ya ridhaa yake. Mama akataka tusirikodi chakula kikiwa mezani. Bibi akamcheka, akasema wakati huo ndipo tunaposema ya maana, lakini tukakubaliana na mama. Mdogo wangu akataka kilio chake kifutwe. Mjomba akakifuta palepale, na mazungumzo ya jikoni pia.

"Nisamehe, mama. Sikudhani kama utaumia."

"Ungeniuliza ungejua," bibi akamjibu, akamshika bega.

Jikoni hakurudia kuzungumza mara moja. Zilipita wiki. Tulipomsikia tena akimwambia babu habari za foleni, mama alinikonyeza nisiingie.

Baadaye yeye mwenyewe akaomba rikoda. Alitaka kumsalimia dada yake wa Makunduchi, ambaye walikuwa hawajaonana naye muda mrefu. Alisema peke yake chumbani, mlango umefungwa, na mjomba akaipeleka kaseti pamoja na rikoda kwa basi. Mjomba aliporudi akatusimulia, tukamwona yule dada yake bibi kama tuko naye: ameikumbatia rikoda mapajani, kila salamu anaiitikia, anaikemea inapoendelea kusema kabla hajamaliza kujibu.

"Nikamuuliza kama anataka na yeye kurikodi majibu," mjomba akasema. "Akakataa. Kasema, mwambie aje mwenyewe."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Ijumaa ile ile akafunga kibindo chake, akapanda basi la Makunduchi, akakaa huko mpaka mama akaanza kulalamika.