Milimita Nane Kati ya Mdogo Wake na Umeme

“Hivi jirani, watu wazima na akili zao timamu wanakulipa uwakatie tundu?”

Swali hilo aliliuliza mshona nguo wa nyumba ya pili, siku alipoingia kuazima mkasi akamkuta fundi ameinama, anapitisha msumeno mwembamba katikati ya kibao cha kijani kilichojaa vyuma vidogovidogo.

Fundi hakuinua uso. “Wananilipa kwa tundu, ndiyo. Hivyo vyuma nawawekea kama nyongeza.”

Mshona nguo alicheka mpaka akausahau mkasi. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa umeshampa fundi jina jipya, Bi Pengo. Mwenyewe, mama wa miaka arobaini na mbili na meno yake yote yamo kinywani, ameliacha jina likae.

Saa tatu asubuhi Bi Pengo yuko mezani. Chumba chake cha kazi kilikuwa stoo, na meza yake ni mlango mkuukuu uliolazwa juu ya mapipa mawili. Tundu la kitasa bado lipo, ndimo anamopitishia nyaya. Kabla ya kushika chochote ameinamisha kichwa akaomba, kisha akavuta kioo cha kukuzia na kuwasha chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya. Leo anamalizia vibao viwili vya mashine za kufulia, vya dobi kubwa inayofua shuka za hospitali. Huko ndiko anakofanya kazi mdogo wake wa kike.

“Mashine inakula volti mia nne,” anaeleza. “Kitufe anachobonyeza mfuaji kina volti kumi na mbili, hata ukikigusa na mikono majimaji husikii kitu. Sasa kitufe lazima kiiamrishe mashine, lakini wasigusane. Ni kama wachumba wa zamani, waongee wanavyotaka, ila kila mtu kwenye kiti chake.”

Anayewaongelesha ni kidude cheusi, kidogo kuliko punje ya mahindi. Ndani yake upande mmoja kuna taa, upande wa pili kuna jicho. Mfuaji akibonyeza, taa inawaka, jicho linaiona, na swichi ya umeme mkubwa inashika. Waya hauvuki. Kinachovuka ni mwanga tu. Kila upande una chanzo chake cha umeme, kama wapangaji wawili ambao kila mmoja ana mita yake. Na kati ya pande hizo Bi Pengo huacha milimita nane ambamo hakipiti kitu.

Kazi hii hakuisomea darasani. Alianza kwa kufagia karakana ya redio, akahamia kusokota nyaya za transfoma kwa mkono, miaka kumi na moja. Mwenye karakana alipostaafu alimwachia kioo, mita mbili za kupimia umeme na daftari la michoro. Siku hizi anachora vibao vyake mwenyewe, vya matanuri ya mikate, vya pampu za maji, vya lifti. Kwa mwezi hutoa sita, mwezi ukiwa mzuri saba, navyo vinalisha nyumba ya watu watano.

Lakini hilo tundu la kukata kwa msumeno lina asili yake, na ukimuuliza anaweka chuma chini kwanza.

Miezi tisa iliyopita, kwenye dobi ileile, mdogo wake alirushwa na umeme. Mkono mmoja ulikuwa kwenye shuka zilizolowa, mwingine kwenye kitufe. Alitupwa nyuma akaangukia rundo la shuka chafu.

“Lile rundo Mungu ndiye aliyeliweka pale,” anasema Bi Pengo. “Nyuma yake kuna ukuta wa zege.”

Kibao kilichokuwa ndani ya mashine ile alikitengeneza yeye.

Alikirudisha nyumbani akakipekua siku tatu. Kidude cheusi kizima. Vyanzo vya umeme vizima. Zile milimita nane zipo. Siku ya tatu akakisogeza chini ya kioo, na badala ya kutafuta kosa la vyuma akajikuta anasoma mwandiko wake mwenyewe. HATARI. Alikuwa ameliandika kwa penseli laini, juu ya ile nafasi iliyoachwa wazi, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa na mahali pa kuandika. Herufi ya kwanza ilianzia upande wa umeme mkubwa, ya mwisho ikaishia upande wa kitufe.

Weusi wa penseli ni kaboni, nayo hupitisha umeme. Mvuke wa dobi ukamalizia.

“Nilikuwa nimekipima vizuri,” anasema. “Nikakipima, kikapita, ndipo nikachukua penseli. Baada ya hapo sikukipima tena.”

Jioni ileile alimpelekea mdogo wake kibao mkononi, akamwonyesha neno lenyewe, akamwekea mita na kumfundisha kukipima ili aone kwa macho yake sindano inavyopanda.

“Kwa hiyo ni wewe,” mdogo mtu akasema.

“Ni mimi.”

Hawakugombana. Mdogo mtu anakuja kila Jumapili, anasalimia, anakula, anabeba watoto. Ila kazini, tangu siku hiyo, kitufe anakibonyeza kwa mwiko wa mbao. Wenzake wamemchoka. “Shoga, mchuzi umekolea?” wanamtania.

Bi Pengo naye tangu hapo anakata ile nafasi kwa msumeno, upande hadi upande. “Hewa haiandikiki,” anasema, lakini hacheki.

Ana ombi moja, na ameshalitoa mara mbili. Anataka mdogo wake aache dobi waje kufanya kazi pamoja, yeye atengeneze, mdogo mtu apime, na kibao kisitoke mlangoni bila idhini yake. “Fundi mwingine ataniona dada mkubwa, atanionea haya. Yule hana haya na mimi. Alisharushwa.” Mara zote mbili jibu limekuwa lilelile: “Dada, mimi mfua shuka. Niache na sabuni yangu.”

Saa sita mchana, dobi imejaa mvuke na harufu ya sabuni. Bi Pengo amepiga magoti nyuma ya mashine ya kwanza, kibao kipya kimeshafungwa. Anakirushia volti elfu tatu kwa dakika nzima. Sindano ya mita imelala. Anafunga mlango wa mashine, anasimama, anajifuta jasho.

“Haya, mdogo wangu.”

Wafuaji wameacha kukamua. Mdogo mtu anakuja na mwiko wake. Anakitazama kitufe, anamtazama dada yake, kisha anauegemeza mwiko ukutani. Mkono wake unatiririka maji. Midomo inacheza kidogo, bila sauti. Anabonyeza kwa kidole.

Pipa linazunguka. Hakuna kingine.

“Alhamdulillahi!” anapaza sauti mfuaji mmoja, na wengine wanapiga makofi. Bi Pengo hapigi. Amegeuka upande, anajifanya anatafuta bisibisi.

“Hicho cha mashine ya pili kiko wapi?” mdogo mtu anauliza.

“Hiki hapa. Kiko tayari.”

“Umekipima lini?”

“Asubuhi, nyumbani.”

Mdogo mtu anakipokea, anakigeuzageuza, anaweka ukucha juu ya skrubu ya pembeni. “Na hizi skrubu nne umefunga lini?”

Bi Pengo anazitazama skrubu. “Hapa. Nilipofika.”

“Baada ya kupima.”

“Baada ya kupima.”

Mashine ya kwanza inaendelea kuzunguka. Mdogo mtu anafuta mikono yake kwenye aproni, kiganja, halafu kidole kimojakimoja. Anaivua aproni, anaitundika msumarini. Anachukua kibao kwa mkono mmoja, mita ya dada yake kwa mkono mwingine, na kuelekea nje barazani kwenye mwanga, kukipima.